London hadi Italia na Jani la Isale

Mmenichosha. Kila Jumapili baada ya misa pale Richfield, hapa Minnesota, kabla sijapuliza hata chai yangu ikapoa, mtu ananishika mkono: "Aloyce, hebu tuambie, mlitokaje London hadi Italia bila ndege? Na ni kweli uliingia kanisani na viatu vya marehemu?" Ni kweli. Ila kila ninaposimulia, mnanikatiza katikati kwa kucheka, na wale wanaokuja mwishoni wanataka nianze upya. Kwa hiyo nimekaa nikaandika. Someni, mpeane, mniache ninywe chai.

Mambo ya viza na tiketi sitayagusa. Kila mmoja wenu ana foleni zake za kusimulia.

Wengi mnanijua, lakini kwa wageni niseme: mimi kazi yangu ni kupanga zamu za wauguzi katika nyumba ya wazee kule Inver Grove Heights. Nani anaingia asubuhi, nani jioni, nani anashika nafasi ya nani. Ratiba ndiyo ugali wangu. Mtu akichelewa dakika tano mimi nasikia homa. Muwe na hilo akilini mnaposoma, maana safari hii niliipanga kwenye karatasi nne, kwa kalamu za rangi tatu, na niliwaringia wote hapo kanisani. Najua hamjasahau.

Roseville: jani

Mama yangu, Mama Felista, alikuja kutoka kwetu Kibosho mwezi Machi, theluji bado imejaa, kumwona mjukuu. Alikaa nasi vizuri mpaka ilipofika barua ya dada yangu Veva. Veva ni mtawa huko Italia. Aliandika kwamba mwezi Juni, siku ya Jumamosi saa nne asubuhi, ataweka nadhiri za daima.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo sikuwahi kuwaambia. Mama na Veva walikuwa hawazungumzi. Miaka tisa. Mama alimtaka Veva awe daktari na aolewe, na siku alipoondoka kwenda utawani Mama alimwambia, "Ukivaa vazi hilo, mimi sina binti." Hayo tungeweza kuyameza, maneno ya hasira tu. Lakini Baba alipofariki miaka miwili iliyopita, Mama alitukataza tusimpelekee Veva habari. Nasi tukatii. Mimi nilikuwa na simu ukutani hapa Minnesota, na sikuinyanyua. Veva akaja kujua baba yake amekufa mwezi mzima baada ya mazishi. Nikiandika hapa naona aibu.

Nilipomsomea Mama ile barua aliichukua akaiweka chini ya mto wake. Siku ya tatu akasema, "Tiketi yangu ya kurudi nyumbani si inapitia London? Na London hadi huko Italia ni mbali?"

Nikamwandikia Veva kwamba tunakuja. Akajibu kwa mstari mmoja: "Mwambie Mama asijisumbue." Mstari ule nilitamani niufiche, lakini Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. "Asijisumbue," akarudia polepole. "Haya. Nitafutie isale."

Kwa wasio Wachaga: isale ni mmea tunaoupanda mipakani mwa shamba. Ukimkosea mtu kosa zito, unamwendea na jani lake, ukiwa umelipiga fundo. Anayepelekewa isale hakatai hivi hivi. Lakini mzazi kumpelekea mwanawe? Sijawahi kuona. Nikamwambia, "Mama, mzazi haombi msamaha kwa mtoto." Akanitazama. "Nani aliyekuambia? Baba yako? Basi yeye hayupo."

Sasa isale Minnesota utalitoa wapi? Nikajua hapo tumekwama. Lakini Jumamosi moja nilimpeleka Mama kwenye yale maduka makubwa ya Roseville kununua soksi, mara nikamsikia akisema, "Yesu na Maria!" Pale kando ya ngazi, ndani ya chungu cha plastiki, lilikuwa limesimama isale zima, refu kunishinda, majani yanang'aa. Kumbe Wamarekani wanaliweka kama pambo! Kabla sijafungua mdomo Mama alishachuma jani.

Mlinzi akaja, mzee wa Kizungu mwenye tumbo kubwa. Nikaanza kujieleza huku jasho linanitoka: ni mila, ni ya kuombea msamaha, mama yangu na binti yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Linafanya kazi?" Nikasema huwa linafanya. Akatazama kulia na kushoto, akasema, "Basi mwambie achukue mawili, moja lisije likakauka."

Minneapolis hadi London: miguu

Rafiki yetu Kamau alitupeleka uwanja wa ndege. "Usi-worry, Mama, mimi nita-drive polepole," alisema, halafu akaendesha kama anafukuzwa. Ndege yenyewe ilikuwa salama, ila Mama alishuka London miguu imevimba kama viazi vikuu, akatangaza kwamba hatapanda ndege nyingine mpaka ile ya kumrudisha nyumbani. "Nimepaa ya kutosha. Kuku naye huruka akitua anatembea."

Ushauri wa kwanza, basi: mkitoka huku na mzee, mpeni siku mbili za kulala London. Binamu yetu Fulgence anakaa upande wa mashariki, alitupokea kwa supu ya ndizi, na Mama akalala nusu ya siku hizo.

London hadi Brussels: kuku

Alhamisi asubuhi tulipanda treni hadi Ramsgate, halafu feri ya kwenda Ostend, Ubelgiji. Ushauri wa pili: feri ni saa kadhaa, na chakula chake ni viazi vya kukaanga tu. Bebeni chenu.

Mama alibeba. Alimwamsha mke wa Fulgence alfajiri wakakaanga kuku watatu. Tulipokaa tu mezani akafungua bakuli, na mnajua Mama hawezi kutia tonge mdomoni mtu mwingine akiwa anatazama. Kando yetu alikuwapo mzee Mwingereza na gazeti lake. Mama akamnyooshea paja la kuku, "Karibu, baba." Yule mzee akashtuka, akapokea, akajipapasa mfukoni, akaweka sarafu mbili mezani.

"Anafanya nini huyu?" Mama akaniuliza.

"Analipa."

"Ananiona mimi mama ntilie?" Akazirudisha zile sarafu, akamwekea na kipapatio juu. Yule mzee akawa mwekundu mpaka masikioni, lakini alikula, na tulipofika alitubebea sanduku mpaka nje. Mpaka hapo karatasi zangu zilikuwa zinakwenda sawia, dakika kwa dakika. Kutoka Ostend treni ikatufikisha Brussels, tukalala kwenye hoteli ndogo karibu na stesheni. Nililala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Brussels hadi Basel: pole

Ijumaa asubuhi tulipanda treni ya kwenda Milano. Treni moja tu, hakuna kubadilisha, jioni tufike, tulale, asubuhi twende Bergamo na kutoka hapo basi la milimani hadi mji mdogo wa Veva. Nilikagua behewa mara mbili. Mlangoni kuna kibao kimeandikwa Milano. Hapo, ndugu zangu, ndipo penye ushauri wa tatu, nao ndio mkubwa: treni za huko ni kama mjusi, hukatika mkia njiani. Mabehewa ya mbele yanakwenda huku, ya nyuma kule. Kaeni katika behewa lenu. Kojoeni katika behewa lenu. Msitoke.

Mimi nilijua hivyo. Nilimwambia Mama hivyo. Mama akaitikia, "Nimesikia, baba," akaendelea kusali.

Baada ya Luxembourg, choo chetu kikiwa na mtu, alikwenda kutafuta kingine, akakawia. Aliporudi uso wake umebadilika. "Aloyce, kuna mama kule nyuma amefiwa."

"Umejuaje?"

"Mimi mjane nisijue? Amevaa nyeusi, analia peke yake, watu wanasoma magazeti mbele yake. Inuka, twende tukampe pole."

Nikamwambia yule ni mtu tusiyemjua, hatujui lugha yake, na huku Ulaya mtu akilia anaachwa alie. Mama akanitazama kama ananiona mara ya kwanza. "Kwa hiyo ukifa Amerika mke wako ataachwa alie?"

Nikainuka. Nilikuwa nimevua viatu, kwa kuwa miguu yangu nayo ilikuwa imevimba, nikaenda na ndala. Koti nikaliacha limening'inia dirishani; pasi zetu, tiketi na hela zilikuwa mfukoni mwa suruali. Nilipiga hesabu: dakika tano za pole, dakika mbili za kurudi.

Yule mama alikuwa mabehewa matano nyuma. Mama aliingia, akaketi ubavuni mwake, akamshika mkono, akasema, "Pole sana, mama. Pole sana." Yule mwanamke akamwangalia mtu mweusi mwenye kilemba aliyetokea hewani, na nikafikiri atapiga kelele. Badala yake akaweka kichwa begani mwa Mama, akalia kilio kile cha sauti, cha kwetu kabisa. Watu wakakunja magazeti.

Jina lake Ornella. Alikuwa na Kiingereza cha kuokoteza, nami nikaunga vipande: mumewe alikuwa mchimba makaa Ubelgiji miaka thelathini, wametoka Italia wote wawili, amemzika Jumanne, na sasa anakwenda kuishi kwa mwanawe Pino mjini Zurich. Zurich! Hapo ningepaswa kushtuka, maana sisi hatuendi Zurich. Lakini nilikuwa natazama saa, sikuwa natafakari.

"Mama, twende sasa."

"Kaa chini. Msibani hakuingiwi na kutoka kama dukani. Atatuaga mwenyewe."

Dakika tano zikawa saa nzima, halafu saa ya pili. Mama anasimulia kifo cha Baba kwa Kiswahili, Ornella anasimulia cha mumewe kwa Kiitaliano, wanaitikiana wakati ule ule unaotakiwa. Mimi nimekaa kati, napandwa na presha. Basel, mpakani mwa Uswisi, treni ikasimama, ikasukumwa, ikatikisika. Nikachungulia dirishani. Kwenye njia ya pili mabehewa yalikuwa yanaondoka taratibu, na katika dirisha moja nikaona koti langu, limetulia, linakwenda Milano.

Basel hadi Zurich: hasira

Nilipiga kelele. Sitaficha. Nilimwambia Mama maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi: kwamba ameiharibu safari yote kwa ajili ya mtu asiyemjua, kwamba masanduku yamekwenda, viatu vimekwenda, gauni lake la kitenge la siku ya nadhiri limekwenda. Na nikamalizia na lile baya kuliko yote: "Tulipofiwa sisi hukutaka Veva apewe pole, leo unampa pole Mwitaliano!"

Mama aliingiza mkono kifuani, akahakikisha jani lake lipo, akatoa tena mkono. Baadaye sana akasema, "Ndiyo maana leo nikampa." Basi. Nilitamani sakafu ya treni ipasuke.

Kondakta alipopita alinituliza kidogo. Kutoka Zurich kuna njia nyingine ya Milano, inapita chini ya mlima Gotthard. Tukishuka tunaunganisha, usiku tunafika. Nikatoa kalamu nikaanza kupanga upya. Mkono wa mpanga ratiba hautulii.

Pale Zurich, Pino alikuwa amesimama anamsubiri mama yake. Kijana wa miaka kama thelathini, fundi wa lifti, Kiingereza chake kizuri. Nikamwonyesha karatasi yangu mpya. Akatikisa kichwa.

"Treni za Italia zimegoma tangu mchana. Zinaishia mpakani. Mpaka kesho jioni hakuna kitu."

"Hata ile yetu ya kwanza, ya Milano?"

"Hiyo nayo. Abiria wote watalala mpakani leo."

Soma tena hapo, wewe uliyenicheka. Karatasi zangu nne na rangi zake tatu zilikuwa zinatupeleka moja kwa moja kulala kwenye benchi la mpakani. Tungebaki pale na viatu vyetu, na masanduku yetu, na nadhiri zingewekwa bila sisi.

Ornella aliuliza kuna nini. Pino akamweleza. Yule mama alisimama wima, machozi yamekauka, akamwambia mwanawe maneno machache ya Kiitaliano kwa sauti ya mama yeyote wa Kibosho anayetuma mtoto dukani. Pino akageuka kwangu akacheka. "Mama anasema nyinyi mmekaa msibani. Alfajiri nawapeleka kwa gari."

Nyumbani kwa Pino tulikula tambi na samaki. Ornella akafungua mfuko wake, akatoa jozi ya viatu vyeusi vya mumewe, alivyonunua Pasaka akavaa mara moja. Akanionyesha ndala zangu, akatikisa kidole. Mimi nikasita, viatu vya marehemu! Mama akanifinya. "Vaa. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa kwa watu wake. Amekuhesabu mmoja wao." Vilinizidi namba mbili. Nikajaza soksi za Pino mbele.

Zurich hadi mji wa Veva: rozari

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, Ornella naye akagoma kubaki. Mimi mbele na Pino, wao wajane nyuma. Pale Gotthard gari liliingia ndani ya mlima, na kama robo saa hatukuona anga. Mama alitoa rozari. Ornella akatoa yake. Mmoja anaanza "Salamu Maria" kwa Kiswahili, mwingine anamalizia kwa Kiitaliano, na hawakupotezana hata punje moja. Pino alinong'ona kwamba tangu msiba mama yake hakuwa ameweza kusali.

Njiani Mama aliniita kutoka nyuma. "Aloyce. Akilikataa jani, usigombane naye. Ana haki." Nikasema sawa.

Barabara ya milimani ilikuwa kona tupu. Saa nne ikapita tukiwa bado tunapanda. Nikaitazama saa mpaka ikanichosha, nikaivua nikaitia mfukoni. Tulifika saa nne na nusu, na mlangoni mwa kanisa la watawa tukakuta watu wamesimama nje wanajipepea kwa karatasi. Askofu mwenyewe alikuwa amechelewa kwa sababu ya ule mgomo! Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Tukaingia. Mama na gauni la safari lenye mikunjo ya siku mbili, mimi na viatu vinavyopiga kofi kila hatua: paa, paa, paa. Hatujakaa, kinanda kikalia, maandamano yakaanza. Watawa wawili wawili na mishumaa, kisha wale watatu wa nadhiri. Wa mwisho Veva. Amekonda, amekuwa mtu mzima, uso ni wa Baba mtupu.

Mama hakungoja. Alitoka kwenye kiti, akasimama katikati ya njia, akanyoosha jani la isale kwa mikono yote miwili, limepigwa fundo.

Veva akasimama. Nyuma yake mapadre wakasimama, na nyuma yao askofu na fimbo yake. Mtawa mmoja akaja mbio kumwondoa Mama, na Ornella, mfupi vile, akamkamata yule mtawa mkono akamrudisha alikotoka.

Nilimwona Veva akilitazama jani, akimtazama Mama, akilitazama tena jani. Halafu akanipa mimi mshumaa wake nishike, akalipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti palepale kwenye mawe. Mama naye akapiga magoti. Wakashikana vichwa, wanalia, wanasema Kichaga cha haraka ambacho hata mimi sikukidaka. Askofu aliinamisha kichwa akangoja. Mungu ambariki, alikuwa mzee mwenye adabu.

Veva alikwenda altareni na isale mkononi, akaweka nadhiri zake akiwa nalo. Aliposema neno la mwisho, Mama alipiga vigelegele, peke yake, vikagonga dari na kurudi. Waitaliano walishtuka, kisha wakaanza kupiga makofi, kanisa zima. Mimi nilipiga miguu sakafuni kwa viatu vile vikubwa. Jamani, niliona raha sijawahi kuona.

Mezani

Chakula cha mchana masista walileta sinia kubwa limefunikwa kitambaa. Mama akafunua, akaguna. Ugali! Wa manjano, wa moto, umekatwa kwa uzi, na sungura wa mchuzi pembeni. Wanauita polenta. "Kumbe watu hawa wanao ugali siku zote, wanatuficha," Mama akasema, akanawa mikono kwenye glasi ya maji.

Veva akakaa kati yetu, Ornella na Pino mbele yetu. Ndipo nikamwuliza habari ya ule mstari wake mmoja.

Akaona haya. "Nimepangiwa hospitali ya nyumbani. Kibosho. Naondoka Agosti. Nilitaka nije mwenyewe, nimpigie Mama magoti nyumbani kwake. Ndiyo maana nikaandika asijisumbue."

Nikaacha kutafuna. Ndege, feri, treni tatu, masanduku yaliyopotea, Gotthard. Nikamgeukia Mama. "Umesikia? Ungekaa tu Kibosho miezi miwili, angekuja mwenyewe!"

Mama alimega tonge, akalibonyeza, akalichovya kwenye mchuzi wa sungura.

"Angenikuta nimekaa kwenye kiti changu," alisema. "Na mimi najijua. Ningempokea, ningemsamehe yeye, na tungekula. Wa kusamehewa alikuwa nani?"

Akamtilia Veva lile tonge mdomoni.